Tulimfundisha mwanangu aseme baba yake amekufa

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Morogoro mjini. Nauza vitafunwa asubuhi: maandazi, chapati, viazi vya kuchemsha. Nakuandikia likizo hii ya mwezi wa sita, mwanangu amelala chumba cha pili, maana jambo hili siwezi kumwambia jirani wala kulipeleka kwenye jumuiya.

Huyo mwanangu ndiye wa kwanza, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Anasoma shule ya bweni ya msaada, iko mkoa mwingine. Hatulipi hata senti. Ada, sare, chakula, godoro, mpaka sabuni na mswaki wanapewa. Wanachukua watoto wa kaya maskini wenye akili. Mtoto anafanya mtihani wa mchujo kwanza, akifaulu walimu wanakuja nyumbani kuona mnavyoishi, ndipo wanaamua.

Alipofaulu ule mtihani alikuwa darasa la saba. Mume wangu alikuwa Chunya kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, mwaka wa pili huo, simu yake leo inapatikana, kesho haipatikani mwezi mzima. Wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, akaniambia, "Wifi, wanaochukuliwa pale ni mayatima. Sema kaka amefariki. Chunya watu wanafukiwa kila mvua, nani atauliza?" Mimi nilijua hajafa, mama. Wiki mbili nyuma alikuwa ametutumia 20,000 kwa simu, na hela hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya mtoto kwenda kufanya mtihani.

Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua kwamba baba ni marehemu. Hakuuliza mara mbili.

Siku ya ukaguzi runinga tuliipeleka kwa jirani. Koti la mume wangu lilikuwa linaning'inia msumarini nyuma ya mlango, nikalikunja, nikalisokomeza chini ya godoro. Mtoto amesimama pale ananiangalia. Wifi alishamfundisha cha kusema. Walipomuuliza baba yuko wapi, akasema amekufa, akaanza kulia. Alilia kweli, hakuwa anaigiza, maana alikuwa na muda mrefu hajamwona baba yake. Yule mwalimu akatoa leso yake akamfuta machozi, kisha akaandika kwenye fomu.

Mwaka jana mwezi wa tano mume wangu akarudi. Kifua kibovu, mikono mitupu. Sasa anaziba pancha na kufunga spoku za baiskeli hapo barabarani. Nilimweleza yote usiku wa pili. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi, kama mtoto anasoma." Hajalitaja tena.

Likizo hii yametokea mawili. Rafiki wa shule wa mwanangu, anayeishi Kihonda, alipita kumsalimia. Mume wangu akainuka na mikono yake ya mafuta ya mnyororo, akatoa kiwiko ashikwe. Mwanangu akasema, "Huyu ni mjomba." Mume wangu akajibu, "Karibu sana, mjomba wangu," akarudi kwenye tairi lake.

La pili ni barua. Kila muhula wanamwandikia mfadhili. Ameandika kwa Kiingereza kwamba baba yake alikufa akiwa mdogo, na kwamba siku akianza kazi, jambo la kwanza ni kumjengea kaburi la saruji. Mimi niliishia kidato cha nne, Kiingereza naokoteza, na barua niliiona mezani asubuhi. Jioni baba yake akamwambia, "Nisomee na mimi ulichomwandikia huyo mzungu." Mtoto akashika karatasi akaanza kusoma bila kusita: nyumbani hawajambo, mvua zilinyesha vizuri, mbuzi wetu amezaa mapacha. Mume wangu akacheka, akauliza, "Mbuzi wa nani?" Hatuna mbuzi. Mtoto akatoka nje.

Sasa shule imetuma ujumbe kwamba mfadhili anakuja nchini mwezi wa tisa na angependa kufika nyumbani. Wifi anasema mume wangu akakae kwa kaka yao Kilosa siku tatu. Mume amekubali, tena haraka kuliko nilivyotaka. Nikisema ukweli naogopa watamfukuza, na mwaka huu ana mtihani wa kidato cha pili. Nisiposema, sijui tutaendelea mpaka lini. Isitoshe, mtaa wa pili kuna binti ambaye baba yake alikufa kweli. Walifanya mchujo pamoja, yeye hakuchukuliwa. Mama yake hununua maandazi kwangu. Namwongezea moja kila siku na hajui kwa nini.

Lile koti mpaka leo likizo ikikaribia nalikunja naliweka chini ya godoro.

Mume aende Kilosa au asiende?

Mama wa Maandazi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Asiende.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lenye tarehe. Mara ya kwanza mlipomuua huyu bwana hakuwepo, hakusikia, na mtoto hakumwona akifa. Safari hii mtoto atamwona baba yake anakunja nguo zake mwenyewe, anapanda gari kwenda kuwa marehemu. Halafu mfadhili akipenda kurudi mwaka kesho? Na mahafali ya kidato cha nne, atakaa viti vya wajomba?

Wewe umeniandikia kwa hofu ya shule. Mimi kilichonishika ni yule mbuzi. Kijana wa miaka 15 ameambiwa asome barua ambayo ndani yake baba anayemsikiliza ni maiti, na papo hapo, bila kukohoa, akaumba mvua na mapacha. Usimwone mwongo. Alikuwa amesimama katikati, huku anamkinga mfadhili asijue kwamba baba yupo, huku anamkinga baba asijue kwamba ameshazikwa. Hajui kwamba baba anajua. Au anajua, na hiyo ni mbaya zaidi. Ndani ya nyumba yenu kila mtu anamficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua.

Kwa hiyo kabla ya shule, ni baba na mwana. Tena si wewe wa kuwapatanisha. Umeshasema mengi kwa niaba ya huyo bwana, hili limwachie mwenyewe. Amwite pale kwenye baiskeli zake, ampe tairi ashike, maana wanaume wa kwetu wakikalishwa kwenye viti waangaliane wanakosa maneno. Amwambie kwamba anajua alichoandika, na kwamba hakuna aliyemkosea isipokuwa wao wakubwa. Na asimwambie amesamehewa! Atasamehewaje mtu aliyefanya alichofundishwa na mama na shangazi? Mtoto akikasirika, akanyamaza siku mbili, mwacheni. Kuna kitu hapo ambacho hata yeye huenda hawezi kukitaja: kule bwenini amekuwa mtoto aliyefiwa kwa mwaka na nusu, amepewa pole na watu wazima, na aliyefiwa naye amerudi anakohoa. Lile kaburi la saruji mimi silioni kama uongo mtupu.

Sasa shule. Nendeni wawili, wewe na mumeo, shule zikifunguliwa mwezi wa saba, mapema, kabla mipango ya huyo mgeni haijakaa sawa. Msiliseme kwenye simu. Msimtume mtoto barua, wala msimwache alipeleke yeye kwa patroni au matroni wake. Msimwandikie mfadhili pembeni hata kama mna namba yake. Barua zake zinapita ofisini, na hili nalo lipite ofisini, shule yenyewe ichague namna ya kumweleza. Ombeni kumwona mkuu wa shule pamoja na mtu wa ustawi wa wanafunzi. Kabla ya kwenda, rudi kwa mwenyekiti wa mtaa, mwambie ile barua ya zamani haikuwa ya kweli, akuandikie nyingine inayosema baba yupo, anafanya kazi gani, ana watoto wangapi. Atakuna kichwa, kwa sababu na yeye aliweka mhuri. Akune. Na kama mumeo ana karatasi za hospitali za kifua, zichukueni. (Kama hajapimwa, hilo nalo lina haraka. Mtu aliyetoka maduarani anakohoa mwaka mzima apimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake hospitali za serikali ni bure. Na nyie mnaolala naye nyumba moja mpimwe.)

Utauliza, kwa nini tusingoje amalize kidato cha nne? Watu wengi wangekushauri hivyo, na nimelifikiria. Jibu langu si la utakatifu, ni la makaratasi. Mwanao ana akili, atafika kidato cha sita, ataomba mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo mwombaji akijaza kwamba amefiwa na mzazi inataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mpaka sasa mna barua ya mtaa na machozi ya mtoto. Miaka mitano kutoka leo mtatakiwa muwe na cheti. Ama mtaghushi, na hapo mmeingia kwenye jinai, ama kijana ajaze kwamba baba yupo wakati faili lake la sekondari linasema alikufa. Atakuwa na miaka ishirini, na atakayehojiwa ni yeye. Wewe na wifi hamtakuwa kwenye hicho chumba.

Watamfukuza? Siwezi kukuahidi kwamba hawatamfukuza. Shule ya msaada inaishi kwa kuaminiwa na watu walio mbali ambao hawawezi kuja kuhakikisha kila nyumba, ndiyo maana inatuma walimu kwenye mapaa yetu. Mkuu wa shule akikasirika ana haki. Lakini hebu soma barua yako mwenyewe kama wangeisoma wao: mama anauza maandazi, baba anaziba pancha na kifua hakimpi nafasi, watoto watatu. Hiyo si kaya maskini? Nashuku kwamba kile kifo hakikuhitajika hata siku ile. Wewe umesema wanachukua watoto wa kaya maskini. Ni wifi aliyesema wanachukua mayatima. Uliisoma fomu, au ulimsikiliza wifi?

Hapo na shule nazo zibebe mzigo wao. Sisemi hiyo yenu, siijui. Nasema kwa ujumla, kwa sababu barua yako si ya kwanza ya namna hii kunifikia. Fomu ikiuliza kwanza baba yuko hai au amekufa, kabla ya kuuliza mnakula mara ngapi, watu wanajifunza upesi jibu lipi lina alama. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha baba aliyepo ila hayupo, wa machimboni, wa melini, wa kwa mke mwingine. Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi, basi. Mwanao wa darasa la saba hakuwa na jina la hali yake, wifi akamwazima hilo. Na si Morogoro tu. Mwaka 2009 Save the Children walitoa ripoti kuhusu watoto wanaolelewa kwenye vituo duniani, wakasema wasiopungua wanne kati ya watano wana mzazi aliye hai, mmoja au wote wawili. Wanne kati ya watano! Umaskini ndio uliowapeleka, lakini ukiomba kwa jina la umaskini peke yake huonekani, mpaka uongeze jeneza.

Kuna jambo moja la kwenda nalo mkononi. Pale Nairobi kuna shule ya Starehe, bila shaka umeisikia. Ilianza mwaka 1959, Kenya ikiwa bado kwenye hali ya hatari, vibanda viwili vya mabati, Geoffrey Griffin na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakiwakusanya vijana waliokuwa wanalala mitaani. Ikakua mpaka ikawa sekondari ambayo kila mzazi anaitamani. Ninachokipenda hapo ni namna walivyopanga ada: asiye na kitu halipi, mwenye kidogo anatoa kidogo, mwenye uwezo analipa, na wote wanalala bweni moja na kuvaa sare moja. Na Griffin, mpaka anafariki mwaka 2005, alikuwa na baraza na wavulana, mtoto anasimama anamuuliza mkurugenzi jambo lolote. Sisemi shule yenu iko hivyo. Ila mkishamaliza kusema ukweli wenu, kabla mkuu hajajibu, mumeo aseme: tunaweza kuchangia kiasi fulani kwa muhula. Hata kama ni hela ya sabuni na mswaki. Kitajwe kiasi, kiwe kile mnachokiweza mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Mkuu wa shule ana bodi ya kuijibu na mfadhili wa kumjibu. Mpeni kitu cha kuwaambia.

Wakikataa kabisa, ombeni mawili. Aachwe afanye upimaji wa kidato cha pili hapo hapo alipokwisha kusajiliwa, halafu uhamisho wake uandikwe vizuri, upitie kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita. Sare, madaftari na chakula vitawahusu, na wewe unajua hesabu za maandazi kuliko mimi. Itauma. Godoro lile na umeme wa kujisomea usiku havitakuwepo. Lakini akili yake haikutoka kwenye lile bweni, aliingia nayo.

Na wakitaka kumsimamisha mstarini mbele ya wenzake aombe radhi, kataeni kwa adabu, na msirudi nyuma. Kosa ni lenu, radhi muombe ninyi, ofisini, mlango umefungwa. Wakishikilia, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo, na ile namba 116 ya watoto haitozi.

Wifi yako sina ugomvi naye sana. Alimpenda mtoto wa kaka yake kwa njia aliyoijua. Mwambie mmeamua, umwambie mbele ya mumeo, na baada ya kuamua, si kabla. Ukimwambia kabla atakuja na Kilosa nyingine.

Kuhusu yule mama anayenunua maandazi. Hujui kama binti yake alikosa kwa sababu ya mwanao. Huenda alama hazikufika, huenda ukaguzi ulikwenda vingine. Usiende kumwangukia miguuni upunguze uzito wako kwa kumtwisha yeye. Lakini andazi moja nalo halitoshi, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia. Shule yenu itatangaza mchujo tena. Wewe umeshaupitia: unajua fomu inatoka lini, picha ngapi zinatakiwa, maswali ya ukaguzi yanakwendaje. Kama ana mdogo wake anayekaribia darasa la saba, kaa na mama yao umweleze yote hayo, na mwandike majibu ya kweli.

Mwezi wa saba asubuhi kuna baridi, na basi la alfajiri madirisha hayafungi vizuri. Mumeo avae lile koti.